Bustani Inayofunguka Magharibi

Mtu wa Mnyuzi, bara ya Tanga, akikwambia ana bustani, anamaanisha matuta ya mchicha, bamia na nyanya chungu. Bustani ya maua ni ya misheni, ya shule, au ya nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Tena maua ya usiku? Usiku ni wa popo, na wa nguruwe wanaofukua mihogo.

Huko pwani, bustani ya usiku ipo tangu zamani, ila hakuna aliyeiita hivyo. Tanga, Pangani, Unguja na Lamu, uani karibu na kisima palipandwa asmini. Neno lenyewe ni la Kiajemi, likatufikia kwa mdomo wa Waarabu. Vitumba huchumwa alasiri vingali vimefumba, vikatungwa uzini. Ikifika isha vimefunguka nyweleni mwa mwenyewe, au kitandani. Kikuba nacho hufungwa kwa mrehani, asmini, mkadi na langilangi, kikabanwa kifuani. Mfalme Shah Jahan kule Agra, India, karne ya 17, alikuwa na bustani yake ya mbalamwezi, Mehtab Bagh, ng'ambo ya mto Yamuna, ili aitazame Taj Mahal. Mwanamke wa Pangani hakuhitaji mto wala Taj Mahal. Bustani yake aliingia nayo ndani.

Bara ya Tanga mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1893 ulileta mageni mawili. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ikafika Muheza 1896, ikapita Mnyuzi, ikafika Korogwe 1902. Mwaka huohuo wa 1893, mwenzao Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kizazi cha miche hiyo kilifunika mabonde kandokando ya reli, Mnyuzi ikiwemo, na kufikia 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za singa.

Kinachosahaulika katika hesabu hizo ni kwamba mkonge nao una ua. Hukatwa majani miaka na miaka, na mwisho wa umri wake husimamisha mlingoti mmoja mrefu kuliko nyumba, wenye vishada vya maua ya kijani-manjano na harufu nzito. Jamaa zake wa Mexico humwaga utamu wao usiku, popo wakaja kunywa. Kisha mmea hufa. Kwa mnyapara mlingoti maana yake shamba limezeeka. Kwa jirani ni nguzo ya banda. Sijui nani aliwahi kuutazama saa mbili za usiku kwa sababu ya ua lake. Na ulimwengu unaikumbuka milima ya Usambara, ya hukohuko Tanga, kwa ua jingine kabisa, lile dogo la zambarau alilolikuta Mjerumani Baron Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, ambalo leo liko madirishani Ulaya nzima. Halinukii hata kidogo.

Mibuyu ya nyika ya Handeni na Korogwe haikumngoja Mjerumani. Kitumba cha mbuyu ni cha mviringo, kinaning'inia kwenye kikonyo kirefu. Jua likizama kinapasuka, petali nyeupe zinajikunja nyuma, na katikati unabaki mpira wa nyuzi laini kama brashi ya kunyolea. Harufu yake, niseme kweli, si ya kuweka kwenye kikuba. Popo hawajali. Kesho yake ua limeshageuka hudhurungi, liko chini, mbuzi wanalila.

Bustani ya umma inayojulikana kwa usiku wake ni Forodhani, Unguja, iliyotengenezwa kwa yubilei ya Sultan Khalifa mwaka 1936 na kukarabatiwa upya 2009. Lakini pale usiku ni wa taa, miwa na moshi wa mishkaki, na asmini haina ubavu wa kushindana na mishkaki.

Mnyuzi ingeweza kuwa na yake bila kukarabati chochote. Kila uani pana mpapai, na kila mwenye nyumba anajua mpapai dume hauzai, kwa hiyo unakatwa. Kabla hujanoa panga, simama chini yake magharibi. Vishada vyake virefu vya vijiua vyeupe vinaanza kunukia giza linapoingia, na nondo wanene wanakuja, wanasimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi, ulimi umenyooshwa. Ua la jike karibu halina utamu wowote. Nondo hulifuata kwa kudanganyika, akiwa na chavua ya dume mwilini. Panda asmini dirishani, mbali na taa ya ulinzi, maana taa inawavuta hao nondo wakazunguka balbu hadi wachoke. Dume mmoja uachwe. Jirani atauliza kwa nini hujaukata, naye umvutie kiti akae mpaka saa moja na nusu.