Jeni Chochezi

Mzazi wa Afungi, upande wa Palma, Msumbiji, akimpeleka hospitali mtoto aliyevimba taya, anaweza kukutana na majina matatu ya ugonjwa mmoja. Daktari ataandika cancro kwa Kireno. Jamaa waliovuka Ruvuma kutoka Mtwara watasema kansa, na mwenye kisomo chake atasema saratani. Yote matatu asili yake ni kaa: Wagiriki wa kale waliiona mishipa iliyotambaa kandokando ya uvimbe wakaifananisha na miguu yake, na lugha nyingine zikafuata. Sina ugomvi na majina hayo. Ugomvi wangu ni na istilahi iliyo ndani zaidi: "jeni ya saratani".

Kosa liko kwenye ile "ya". Katika Kiswahili, kitu kikiwa cha fulani, mara nyingi ni mali yake au kimewekwa kwa ajili yake: ndoano ya samaki, shamba la mjomba. Basi "jeni ya saratani" humwambia mzazi kwamba mwanawe alizaliwa na kitu ambacho kazi yake ni saratani, na pengine kimetoka kwa wazee wa upande mmoja. Hapo ndugu huanza kutafutana lawama.

Jeni inayohusika hapa huitwa MYC, na kila mmoja wetu anayo, kwenye kromosomu ya 8. Protini yake hushikana na nyingine iitwayo MAX, kisha hukaa juu ya DNA na kuongeza unukuzi. Neno hili, unukuzi, nalipenda sana. Andiko lenyewe halitoki ndani ya kiini cha seli; kinachotoka ni nakala, yaani RNA. Nakala husomwa na ribosomu, nazo huunga asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Hatua hiyo ya pili huitwa tafsiri. MYC huzidisha pande zote mbili: huongeza nakala, na huongeza hata ribosomu za kuzisoma. Tafiti za mwaka 2012 zilionyesha kuwa, kwa sehemu kubwa, huzidisha jeni ambazo tayari zinanukuliwa. Ndiyo maana nachagua kitenzi kuchochea, kwa kuwa huchochei jiko lisilo na moto. Najua siasa zimelichafua neno "uchochezi", lakini jikoni bado ni safi, na "jeni chochezi" hutaja tendo bila kumtuhumu mtu.

Katika mwili wenye afya uchochezi huo una kikomo: nusu ya protini ya MYC huvunjwa ndani ya nusu saa hivi. Katika limfoma ya Burkitt, saratani inayomvimbisha mtoto taya, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na, mara nyingi, huungwa kwenye kromosomu ya 14, ubavuni mwa jeni za kingamwili. Katika seli B, zinazotengeneza kingamwili, jeni hizo hazizimwi, na MYC iliyohamia hapo haizimwi tena. Jambo hili lilifahamika mwaka 1982. Mkatiko huanzia kwenye seli moja, baada ya mtoto kuzaliwa. Haurithiwi. Malaria ya mara kwa mara huchangia mkatiko huo, kwa kuwa huzisukuma seli B kugawanyika na kukata DNA zao katika kuunda kingamwili. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyotangazwa mwaka 1964, huzisaidia seli zilizoharibika zisife.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huo mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuulizia wagonjwa. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa ukanda uliokata Afrika katikati, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Afungi imo katika pwani hiyo ya joto na malaria.

Mzazi anastahili kuelezwa jambo moja zaidi. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo kuchelewa ni hatari. Lakini dawa kama siklofosfamidi huziua zaidi seli zinazogawanyika upesi, na watoto wengi wanaofikishwa mapema na kumaliza matibabu hupona.