Msongo wa Mawazo na Tathmini Mpya

Njia kubwa za umeme nchini Tanzania hutajwa kwa msongo wake: kilovolti 132, kilovolti 400. Neno hilohilo, likifika hospitalini, huwa msongo wa mawazo. Asili yake ni kitenzi songa, yaani kubana, kukandamiza.

Undugu huo na fizikia una historia. Hans Selye, tabibu mzaliwa wa Vienna aliyefanya utafiti wake Montreal, naye aliazima istilahi yake ya msongo kwa wanafizikia. Mwaka 1936 alieleza kwamba panya waliotiwa kwenye baridi kali, waliopasuliwa na waliopewa dawa kupita kiasi walipatwa na mabadiliko yaleyale: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi ikasinyaa, tumbo likatoka vidonda. Yote hayo ni mambo ya mwili. Maneno “wa mawazo” tumeyaongeza sisi.

Nyongeza hiyo ina hasara yake. Mtu anayekosa usingizi, shingo imemkaza na moyo unamwenda mbio, huambiwa kwamba anawaza sana tu, kana kwamba mwili wake haumo. Hata hivyo naitetea, kwa sababu ya Richard Lazarus. Mwanasaikolojia huyu wa Marekani, katika kitabu alichoandika na Susan Folkman mwaka 1984, alionyesha kwamba tukio peke yake halitoshi kumsonga mtu. Kwanza mtu hujiuliza: jambo hili lina hatari gani kwangu? Kisha: nina nini cha kulikabili? Majibu yake ndiyo yanayoamua atasongwa kiasi gani. Lazarus aliliita tendo hilo kwa neno ambalo Kiswahili kinalo tayari: tathmini.

Basi kuitazama hali kwa jicho jingine na kuipa maana nyingine tuite tathmini mpya. Wengi husema “fikra chanya”, na istilahi hiyo inanisikitisha. Nimeisikia akiambiwa mfiwa, akiambiwa mdaiwa: usiwaze, tabasamu. Huko ni kumnyima mtu haki ya kuumia. Tathmini mpya haikanushi tukio, wala haimwamuru mtu afurahi. Inamrudisha kwenye yale maswali mawili ayajibu tena, kwa utulivu zaidi.

Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia masomo ya uzamili. Baadhi yao waliambiwa kwamba mwili kusisimka wakati wa mtihani hakudhuru, na kwamba huenda kukawasaidia. Hao walipata alama bora zaidi za hisabati kuliko wenzao, katika jaribio na katika mtihani wenyewe. Mioyo haikuambiwa itulie. Kilichobadilika ni maana ya yale mapigo.

Lakini tathmini mpya ina mpaka, na mpaka huo usipotajwa istilahi hii itatumiwa vibaya. Mwaka 2013 Allison Troy na wenzake waligundua kwamba stadi hii huwafaa watu pale msongo unapotokana na jambo wasiloweza kulibadilisha. Pale wanapoweza kulibadilisha, wenye stadi hiyo zaidi ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona. Mgonjwa wa kisukari anayejifunza kuishi na ugonjwa wake anaihitaji. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara anahitaji mshahara wake, na mwajiri anayemwitia semina ya mtazamo chanya anamdhulumu mara ya pili.