Pangaboi la helikopta

Pangaboi la helikopta ni mapanga marefu, membamba, yanayozunguka juu ya chombo na kukipa nguvu ya kupaa, kwenda na kugeuka. Kila panga lina umbo la bawa. Ndege hulazimika kukimbia ili mabawa yake yapate upepo, lakini helikopta huyazungusha ya kwake palepale iliposimama. Kwa sababu hiyo hutua kwenye kiwanja cha mpira au porini kusiko na barabara, na katika mkoa wa Mara watu wengi wameijua kupitia kampeni za uchaguzi na ulinzi wa wanyamapori wa Serengeti.

Robinson R44, helikopta ndogo ya injini moja iliyoenea duniani, ina mapanga mawili. Duara lake lina kipenyo cha mita 10 hivi na huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, kwa hiyo ncha za mapanga hukata hewa kwa karibu kilomita 760 kwa saa. Chombo kikienda mbele kwa kilomita 100 kwa saa, panga linaloelekea mbele hupigwa na hewa ya kilomita 860 na linalorudi nyuma hupata 660 tu. Bila dawa ya tofauti hiyo, chombo kingelala ubavu. Mhispania Juan de la Cierva aliipata dawa hiyo: aliyafunga mapanga kwenye bawaba ili yapande na kushuka yenyewe, na mwaka 1923 otojiro yake, ndege yenye pangaboi, iliruka. Pangaboi la otojiro halikusukumwa na injini likiwa angani, lilizungushwa na hewa. Uokoaji wa helikopta iliyozimikiwa na injini umejengwa juu ya jambo hilohilo.

Rubani hushika wenzo kwa mkono wa kushoto. Akiuinua, mapanga yote huongeza mwinamo na chombo hupanda. Fimbo ya mkono wa kulia huamua chombo kielekee wapi, na pedeli huongoza pangaboi dogo la mkia, ambalo huzuia kiwiliwili kisizunguke kinyume cha pangaboi kuu.

Injini ikizimika, klachi ya upande mmoja huiachanisha na pangaboi, kama baiskeli inapoteremka mlima wa Butiama mwendeshaji akiwa ameacha kukanyaga: gurudumu la nyuma linaendelea, mnyororo umetulia. Rubani hushusha wenzo wa kushoto papo hapo. Hewa, ambayo mwanzo ilivutwa kutoka juu, sasa hupenya kutoka chini na kuyazungusha mapanga. Hali hii huitwa otorotesheni. R44 hushuka kwa mita 7 hivi kwa sekunde au zaidi, kwa hiyo kutoka kimo cha mita 300 rubani ana kama sekunde 40 na kilomita moja na ushee za kuchagua pa kutua. Karibu na ardhi huinua pua ili kupunguza mwendo, kisha huvuta wenzo juu na kutumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua taratibu. Nguvu hiyo hutumika mara moja tu.

Mfaransa Jean Boulet alithibitisha uwezo huo tarehe 21 Juni 1972. Akiwa ndani ya helikopta ya Lama alifika mita 12,442, injini ikazimika na kukataa kuwaka, naye akashuka kwa otorotesheni mpaka chini akiwa salama.

Boulet alikuwa na kimo kingi. Hatari kubwa iko chini. Rubani akichelewa kushusha wenzo kwa sekunde moja au mbili, mizunguko hupungua kiasi cha kutorudi; kwa R44 kizingiti ni karibu asilimia 80 ya kawaida kwenye usawa wa bahari, na hupanda kadiri kimo kinavyoongezeka. Musoma yote iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa huo. Mchana wa nyuzi 30 hewa ya hapo ni nyepesi kama ya karibu mita 2,000, kwa hiyo chombo hushuka kwa kasi zaidi na kutua kwake ni kugumu.

Kazi za helikopta katika ukanda huu nazo hufanyika chinichini na polepole: kuhesabu wanyama, kuswaga tembo warudi hifadhini, kusaka majangili. Kitabu cha helikopta ya injini moja kina mchoro wa kimo na mwendo unaoonyesha mahali ambapo injini ikizimika otorotesheni haitawahi. Kuelea mita 50 juu ya nyasi kumo ndani ya eneo hilo.

Otorotesheni pia humtaka rubani aliye mzima. Tarehe 29 Januari 2016, Roger Gower, rubani Mwingereza, alikuwa akisaka majangili wa tembo katika Pori la Akiba Maswa, kusini mwa Serengeti, walipompiga risasi kutoka chini. Alijitahidi kukiteremsha chombo, mwenzake akanusurika, yeye akafa kwa majeraha.

Ikiruka juu ya ziwa, helikopta ya injini moja hukaa karibu na ufuko kiasi cha kuufikia kwa otorotesheni, au hufungwa maboya yanayojazwa gesi kabla ya kugusa maji. Zenye injini mbili huendelea kuruka kwa ile iliyobaki, mradi hazijazidiwa na mzigo na joto.