Akaunti ya Mtumiaji na Akaunti ya Msimamizi

Akaunti ya mtumiaji, katika taaluma ya kompyuta, ni kumbukumbu ambayo mfumo endeshi huitunza ili umtambue kila anayeitumia mashine, uyatenge mafaili yake na ya wengine, na uamue ni mambo gani anaruhusiwa kuyafanya. Haja ya kumbukumbu hiyo ilitokana na kompyuta moja kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa katika mfumo wa CTSS ulioonyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961, na baadaye katika Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969, ambao Linux imeurithi kwa mengi.

Anayesakinisha Debian, ambayo ni mojawapo ya aina za Linux, hukutana na akaunti mbili. Kwanza huombwa nywila ya akaunti iitwayo root, yenye uwezo wa kubadili au kufuta chochote. Kisha hutakiwa kutaja jina kamili la mtumiaji wa kawaida, jina lake la kuingilia na nywila yake. Jina la kuingilia sharti lianze kwa herufi ndogo, hivyo “juma” hukubaliwa na “Juma” hukataliwa. Hata hivyo, kiini cha mfumo humtambua mtu kwa namba wala si kwa jina: root ni 0, na mtumiaji wa kwanza wa kawaida katika Debian huwa 1000. Ndiyo maana katika faili la /etc/passwd mstari wake huanza kwa “juma:x:1000:1000”, ambapo herufi x huonyesha kwamba nywila, ingawa passwd ni kifupi cha neno la Kiingereza la nywila, imehifadhiwa kwingine, yaani katika /etc/shadow, ikiwa imefumbwa na isiweze kusomwa na watumiaji wa kawaida.

Ingawa root kwa Kiingereza maana yake ni mzizi, kuiita akaunti hiyo “mzizi” hakufai, kwa sababu jina root huandikwa vilevile katika amri, na anayejifunza angelitafuta “mzizi” asilipate. “Akaunti ya msimamizi” huieleza kazi yake bila kuligusa jina. Nywila ya root ikiachwa wazi wakati wa usakinishaji, akaunti hiyo hufungwa, na mtumiaji wa kwanza hupewa mamlaka ya msimamizi kupitia amri ya sudo, ambayo humtaka athibitishe kwa nywila yake mwenyewe. Utaratibu huu ni bora kuliko kushinda ndani ya root, kwa kuwa programu hasidi ikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida hupata uwezo wake tu, ilhali ikifunguliwa na root huimiliki mashine nzima.

Kwa hiyo, anayesakinisha mfumo kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi na ampe kila mtumiaji akaunti yake, na nywila ya msimamizi ibaki kwa wachache wenye dhamana ya mashine hiyo.