Deborah Kerr: Mwigizaji aliyeteuliwa mara sita bila kushinda

MWIGIZAJI Deborah Kerr aliteuliwa mara 6 kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na mara zote 6 aliondoka mikono mitupu. Hata hivyo, binti huyo wa Uskoti alidumu jukwaani na katika filamu kwa karibu miaka 50.

Kerr alizaliwa mjini Glasgow mnamo Septemba 30, 1921, na utoto wake wa mapema akauishi katika mji wa Helensburgh. Babake alikuwa mwanajeshi aliyepoteza mguu katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alianza kwa kujifunza densi ya baleti, na mnamo 1938 akapanda jukwaa la Sadler's Wells jijini London. Punde si punde aliiacha densi na kugeukia uigizaji, akipewa sehemu ndogo ndogo katika tamthilia za Shakespeare.

Nyota yake iling'aa mnamo 1943 alipoigiza wanawake watatu tofauti katika filamu moja, The Life and Death of Colonel Blimp. Mnamo 1947, aliigiza mtawa anayeongoza wenzake katika milima ya Himalaya kwenye filamu ya Black Narcissus. Mwaka huo wahakiki wa filamu wa New York walimtuza.

Kampuni ya MGM ilimwita Hollywood, ikawafunza watazamaji kwamba jina Kerr hutamkwa "kaa", lipate kuwa na kina kimoja na "staa".

Kazi ilimleta pia Afrika Mashariki. Filamu ya King Solomon's Mines, iliyotolewa 1950, ilipigwa nchini Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, nchi ambazo wakati huo zilikuwa zingali chini ya wakoloni. Aliigiza pamoja na Stewart Granger, na filamu hiyo ikashinda Oscar ya upigaji picha.

Lakini Hollywood ilikuwa imemfunga katika kundi moja: mwanamke wa heshima, mpole na asiye na doa. Kerr alivunja minyororo hiyo mnamo 1953. Katika From Here to Eternity, aliigiza mke wa afisa wa jeshi mwenye uhusiano wa siri na mwanajeshi wa cheo cha chini, aliyeigizwa na Burt Lancaster. Tukio la wawili hao wakikumbatiana ufuoni, mawimbi yakiwafunika, lingali miongoni mwa yanayokumbukwa sana katika historia ya sinema.

Mwaka huo huo, siku aliyotimiza umri wa miaka 32, tamthilia ya Tea and Sympathy ilifunguliwa Broadway, New York. Kerr aliigiza mke wa mwalimu anayemtetea mwanafunzi anayedhihakiwa na wenzake. Alilirudia jukumu hilo katika filamu ya 1956.

Mwaka huo wa 1956 pia aliigiza mwalimu katika The King and I. Nyimbo nyingi zinazosikika kinywani mwake ziliimbwa na Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa katika orodha ya wasanii wa filamu hiyo.

Filamu zilizomfanya ateuliwe ni Edward, My Son (1949), From Here to Eternity (1953), The King and I (1956), Heaven Knows, Mr. Allison (1957), Separate Tables (1958) na The Sundowners (1960). Waliomshinda ni Olivia de Havilland, Audrey Hepburn, Ingrid Bergman, Joanne Woodward, Susan Hayward na Elizabeth Taylor, kwa mpangilio huo.

Mnamo 1969 alijitenga na filamu na kurejea jukwaani. Mnamo 1975 aliigiza Broadway katika Seascape, tamthilia ya Edward Albee iliyoshinda tuzo ya Pulitzer. Filamu yake ya mwisho ya sinema, The Assam Garden, ilitolewa 1985.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mnamo 1994, akiwa na umri wa miaka 72, Kerr alikabidhiwa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia.

Aliaga dunia Oktoba 16, 2007, katika eneo la Suffolk, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuugua maradhi ya Parkinson. Mumewe, mwandishi Peter Viertel, alimfuata siku 19 baadaye.