Sehemu ya 3: Daftari lisilofutika, na Mwanza yetu ndani yake

Mama wenzangu, sehemu ya 2 tuliishia 2008, M-Pesa inaingia Tanzania na tunaanza kuacha kutuma hela kwa kondakta wa basi. Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto (jina la kujificha) alitoa mtandaoni kurasa 9 za maelezo ya Bitcoin. Daftari lake la hesabu, ambalo leo tunaliita blokucheni, lilianza Januari 2009.

Wazo ni la zamani kidogo. 1991 wanasayansi wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, walitafuta namna ya kuzuia mtu asibadilishe tarehe ya hati ya kompyuta. Sisi manesi hilo tunalielewa haraka. Kitabu cha ripoti wodini hakifutwi: unapiga mstari mmoja, unaandika upya, unasaini. Blokucheni inaenda mbali zaidi. Kila ukurasa unabeba alama iliyokokotolewa kutoka ukurasa uliotangulia. Ukigeuza elfu kumi kuwa elfu moja ukurasa wa 5, alama iliyoko ukurasa wa 6 haikubali tena, na kuanzia hapo kote kunavurugika. Halafu nakala ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Chukulia kikoba chenu: badala ya katibu kukaa na daftari peke yake, kila mwanachama ana lake na yote yanaandikwa kwa pamoja. Nani atachakachua?

Ila jamani, uongo ukiandikwa humo, nao haufutiki.

Matumizi si sarafu tu. 2017, kambi ya Azraq kule Jordan, Shirika la Chakula Duniani lilianza kuitumia: mama mkimbizi kutoka Syria alikuwa akichukua chakula dukani kwa kupimwa jicho, hesabu ikaingia kwenye blokucheni.

Kwetu sasa. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si halali kwa malipo nchini. Juni 2021 Rais Samia akaja hapahapa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu, akaitaka benki ianze kujiandaa na mambo ya blokucheni na sarafu za kidijitali. Mtaani ikageuka: "Si mama mwenyewe karuhusu?" Hapana. Kuambiwa jiandaeni siyo kuruhusiwa.

Kinachoniuma ni ng'ambo ya ziwa, Uganda. OneCoin, iliyoanzishwa 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, ilifika hadi huko. Unanunua kifurushi, unaleta wenzako, unapata kamisheni. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema dunia nzima ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4. Ignatova alitoweka Oktoba 2017. Na kumbe blokucheni ya kweli haikuwepo! Bei walikuwa wanajipangia wenyewe.

Kwa hiyo shoga akikuletea "sarafu mpya" kabla ya ada za Januari, muulize: daftari lenu nalisoma wapi? La Bitcoin mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua toka ukurasa wa kwanza.

Nina zamu za usiku wiki hii. Sehemu ya 4 Jumamosi.