Bamia Zilizokomaa na Rangi ya Uji: Chapa kwa Watoto wa Chekechea

Kila muhula ukifunguliwa, wazazi huniuliza rangi za PP1 na PP2 zauzwa pesa ngapi. Mimi huwaambia za dukani si lazima. Mtoto asiye na kisanduku cha rangi hubaki akiwatazama wenzake, na vidole vyake, ambavyo kesho vitashika penseli, havikufanya kazi yoyote siku hiyo.

Rangi hupikwa. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano na vikombe 3 vya maji baridi mpaka mabonge yaishe, ubandike moto mdogo, ukoroge hadi uwe uji mzito. Ukipoa, ugawe. Sehemu moja tia manjano, nyingine unga wa mkaa uliochekechwa, nyingine ile rangi ya chakula ya kutilia mabuyu. Pika wa siku hiyo tu, kwa joto letu kesho utakuwa umechacha. Piko isikaribie kabisa! Ina dawa ya kutia nywele rangi, nayo huweza kuibabua ngozi ya mtoto.

Wapo wanaosema kuchezea chakula ni israfu, nami nakubaliana nao. Ndiyo maana natumia bamia zilizokomaa, zile ngumu zisizopikika. Tena ndizo bora: ukikata kwa upana, hazipondeki, na chapa yake hutoka kama ua au nyota.

Kazi niipendayo ni leso ya karatasi. Chukua upande mweupe wa kalenda ya zamani. Mtoto apige bamia pande zote nne, njano, nyeusi, njano, nyeusi. Hilo ndilo pindo, na hapo anajifunza mpangilio bila kuambiwa. Mjini aweke jani la mkungu lililopakwa rangi upande wa mishipa, alikandamize kwa kiganja, alibandue taratibu. Kisha muulize jina la leso yake, uliandike chini vile vile alivyolitamka. Usimshike mkono wala usimnyooshee pindo lililopinda.

Kwa wadogo zaidi, kipande cha dodoki kilichochovywa rangi chatosha kupaka bahari nzima.

Doa la manjano kwenye sare likigeuka jekundu ulipotia sabuni, usistuke. Suuza, uanike juani; jua hulififisha.